Pakua Mwenyewe

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa juu ya ngazi, nimeshika ncha moja ya futikamba, na shemeji yangu yuko chini ameshika ncha ya pili. Tulikuwa tunalipima duka langu mwenyewe, aone kama makava yake ya simu yataenea. Aliniomba nimsaidie, nami nikapanda. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na ngazi ilikuwa yangu.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni muuza vitabu. Chumba cha duka ni cha mama mkwe. Marehemu mumewe, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyelifungua duka, na siku nilipomwoa binti yao akanikabidhi ufunguo mbele ya wageni, akasema leo anaozesha mabinti wawili kwa mpigo. Nyuma ya duka kuna pazia, na nyuma ya pazia ndiko tunakoishi.

Mengine mnayajua. Wateja wangu waliacha kununua wakaanza kupiga picha. Mtu anaingia, anauliza kitabu, anapiga picha jalada, anashukuru kwa adabu zote, kisha anasema atakwenda kukipakua kwenye simu. Yule mama wa miwani aliyewachekesha alikipiga picha kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, na mimi ndiye niliyemshikia kisijifunge. Halafu akaja bwana mmoja wa tai, akakaa kwenye kiti cha wasomaji, akaniomba neno la siri la intaneti ili apakue kitabu kilichokuwa rafuni nyuma ya kisogo chake. Nikampa.

Mama mkwe akachoka. Akakata shauri kwamba Ijumaa atakuja kukaa dukani, kwenye kiti cha marehemu. Akikuta watu wanasoma, chumba ni changu mpaka nizeeke. Akikuta viti vitupu, chumba kinakwenda kwa kitinda mimba wake, huyo shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chaja kwa sababu mfukoni mwake hamkosekani waya.

Nalipenda duka hili. Niseme wazi, maana wapo wanaodhani naling'ang'ania kwa ukaidi. Asubuhi nikifungua mlango na harufu ya karatasi ikanipiga usoni, najiona mtu mwenye kazi yake. Bila duka sijui ningejiita nani.

Basi, Jumatano jioni tunakula, mke wangu akaniangalia ninavyochezea tonge, akaniambia tatizo langu ni maneno.

"Mlangoni umeandika Vitabu Vinauzwa," akasema. "Nani siku hizi anataka kuuziwa? Watu wanataka kupakua. Waandikie neno wanalolitaka."

Nikamwambia dukani kwangu hakuna cha kupakua.

"Vipo tele. Mtu ananyoosha mkono, anakitoa rafuni, anakitia kwenye mfuko wake. Hakili chaji, hakili bando. Kama huko si kupakua, ni nini?"

Nikaacha kutafuna. Miaka yote nimeishi na mwanamke huyu bila kujua kwamba nina mshauri wa biashara ndani ya nyumba. Nikamwambia hivyo, akanijibu nimalize kula aoshe vyombo.

Alhamisi nikamwita mchoraji mabango, ambaye tunamwita Rangi Mbili kwa kuwa hajawahi kuwa na ya tatu. Nikamwagiza aandike: PAKUA VITABU HAPA, UJIPAKULIE MWENYEWE. Yeye akaanza kazi nje, mimi nikaingia ndani kupangusa vumbi. Nikakuta kitabu kile cha jalada jekundu, hadithi ya mapenzi inayoulizwa kuliko zote, kimeachia karatasi zake za mwisho. Nikazitoa, nikaziweka kwenye kaunta na kuzikandamiza kwa kopo la gundi, nizibandike nikipata nafasi. Kitabu chenyewe nikakirudisha rafuni.

Nilipotoka, Rangi Mbili alikuwa anafuta brashi. Neno PAKUA alikuwa amelipenda kupita kiasi, limekula bango karibu lote. Chini yake, kwa kujibanabana, aliandika MWENYEWE. Vitabu havikupata nafasi.

"Vitabu si vinaonekana dirishani?" akaniambia nilipolalamika. "Ondoa wasiwasi, mzee. Nimekuongezea na picha."

Kweli, kwenye kona palikuwa na picha ya kitabu kilichofunguliwa. Mimi nilikiona kitabu. Lakini mkono wa Rangi Mbili maisha yake yote umechorea mikahawa, na kitabu chake kilikuwa na uduara fulani, tena kilikuwa kinafuka moshi. Nikamuuliza moshi wa nini. Akasema hayo ni maarifa yanapanda. Nikaona bora niache, rangi ilikuwa imeshaanza kukauka.

Ijumaa asubuhi mama mkwe akaingia na mkoba wake. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza watoto, akauliza mgongo wangu, kisha akakaa kwenye kiti cha marehemu na kukunja mikono. Chaja akakaa kando yake, futikamba ikining'inia shingoni kama fundi cherehani.

Tukakaa.

Paka akaingia, akazunguka rafu ya kamusi, akatoka. Chaja akataka kujua kama paka naye anahesabiwa. Mama yake akamkata jicho, lakini nilimwona na yeye anaviangalia viti vilivyo vitupu. Nikajikaza kisabuni. Nikapanga upya vitabu vilivyokuwa vimepangika, nikavipangua, nikavipanga tena.

Ilipokaribia saa ya chakula, mlango ukasukumwa. Alikuwa fundi mwashi, mmoja wa wale wanaojenga ghorofa ng'ambo ya barabara, kofia ngumu kichwani, amenawa mikono inachuruzika maji. Moyo wangu ukafurahi. Nikajisemea huyu sasa ndiye msomaji, ananawa kwanza ndipo ashike.

"Mzee, mnapakua hapa?"

"Tunapakua. Karibu sana."

"Mtu mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Unachagua, unachukua."

Akatupa jicho kwenye pazia. "Kipo cha moto?"

"Cha moto sana. Kila anayepita hapa anakiulizia."

"Maana cha siku nyingi sitaki. Kuna mahali nilipewa, tumbo likanisumbua mpaka jioni."

Nikacheka, nikamwambia vya namna hiyo vipo, hata mimi kuna kimoja kilinivunja mbavu nikashindwa kufungua duka. Akanitazama kwa huruma.

"Na kinashibisha?"

"Ukikimaliza hutataka kingine mpaka kesho."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alimnong'oneza Chaja kwamba katika maisha yake hajasikia mteja anauliza maswali ya maana namna hii. Chaja akaanza kuizungusha futikamba kidoleni.

Fundi akarudi kizingitini, akapiga mluzi, akawaita wenzake ng'ambo ya pili: "Jamani, kipo! Na unajipakulia!"

Wakaja. Mafundi na vibarua, na vumbi lao na kofia zao, wakajaa viti, wakajaa sakafu, wengine wakaegemea ukuta. Nilitaka kulia kwa furaha. Niliwaza marehemu angekuwepo angesemaje. Nikageuka niwakaribishe vizuri, ndipo nikaviona vijiko. Cha mmoja kimejitokeza mfukoni, mwingine amekichomeka sikioni mahali pa penseli, wa tatu amekumbatia bakuli.

Nikayarudia yale mazungumzo kichwani, neno baada ya neno. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ametamka kitabu, wala chakula.

Mama mkwe naye alikuwa ameshaviona. "Vijiko vya nini hivyo, baba?"

"Vya kuwekea alama, mama," nikasema. "Mtu akiishia katikati anakiweka, asipoteze alipofikia."

Akalifikiria hilo. "Marehemu alikuwa anakunja pembe ya ukurasa. Tumegombana sana juu ya jambo hilo," akasema. "Hawa wana adabu."

Nikajipenyeza nyuma ya pazia. Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya mtu anayekabwa, kwamba neno lake limejibu kuliko tulivyoomba, na watu wote wale wana njaa. Nashukuru Mungu alinipa mwanamke asiye na maswali mengi. Akaishusha sufuria kubwa ya shughuli, akamimina mchele wote uliokuwa ndani, akavuta na maharage aliyokuwa ameshayachemsha. Mkaa ulikuwepo, cha kuwashia hakikuwepo. Akaniuliza awashe na nini.

"Chukua karatasi yoyote hapo kaunta," nikamjibu, na mguu mmoja umeshatoka.

Nikasimama mbele ya watu. Nikawaambia kinakuja, kinamaliziwa, na kwamba hapa kwetu utaratibu ni huu: mtu akisubiri hakai mikono mitupu. Nikaanza kugawa vitabu. Waliguna, lakini walipokea, maana mwenye njaa hapendi kumuudhi mwenye sufuria. Mmoja alifungua kamusi, akapekua kidogo, akaniambia orodha yetu ya vyakula ni ndefu mno, yeye angeridhika na wali.

Fundi mwashi akapata kile cha jalada jekundu. Alikishika kwa vidole viwili, asikichafue. Akasoma mstari mmoja. Akavua kofia. Akasoma ukurasa. Jirani yake, aliyeacha miwani kazini, akamwomba asome kwa sauti kidogo. Akasoma. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyeondoka kwake kwa hasira, na mume aliyeapa mbele ya majirani kwamba mlango huo hautamfungukia tena. Wakasogea. Mmoja akasema mume ana haki, kiapo ni kiapo. Mwingine akamuuliza ana haki gani wakati ugomvi aliuanza mwenyewe. Walio mbali wakataka sauti ipandishwe, na wenye vitabu vingine wakataka ishushwe kwa sababu na wao wanasoma.

Duka langu likawa na sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba lina sauti.

Mama mkwe akatoa leso mkobani, akajifuta macho. "Tangu marehemu aondoke sijaona hivi," akasema. "Baba, chumba hiki ni cha..."

"Mama," Chaja akamkatiza. Alikuwa amesimama, pua iko juu. "Hunusi? Maharage hayo. Hawa hawakuja kusoma, wamekuja kula. Bango linasema pakua, wamedhani ni mkahawa."

Nikaona kitumbua changu kinamwagiwa mchanga nikiwa naangalia.

Mama mkwe akamgeukia fundi mwashi. "Mwanangu, niambie ukweli. Umekuja kula au umekuja kusoma?"

Fundi hakuinua kichwa. "Nimekuja kula, mama. Lakini nakuomba usinisemeshe kwanza. Huyu mwanamke yuko nje ya mlango na mvua inamnyeshea."

Mama mkwe akarudi nyuma kwenye kiti chake. Alimtazama fundi kwa muda mrefu, akanitazama mimi, na pembe ya mdomo wake ikacheza. Mke wangu akatokea na sufuria. Sijui kama mtaniamini, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyesimama akashika upawa, na akapakua. Wakala kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kitabu, na aliyetaka kufunua ukurasa alimwomba jirani amfunulie.

Kisha filimbi ya kazini ikalia.

Waliinuka wote kwa pamoja, wakashukuru wote kwa pamoja, wakatoka mbio wavuke barabara kabla msimamizi hajawaona. Mabakuli waliyaacha. Vijiko waliviacha. Vitabu waliondoka navyo.

Msiwaite wezi, nawaomba. Bango lilisema pakua mwenyewe, na mimi kwa kinywa changu nilimwambia fundi kwamba anachagua, anachukua. Nilizitazama rafu. Palikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi palikuwa na alama safi za mahali vitabu vilipokuwa vimekaa.

Chaja akaivuta futikamba shingoni. Alisema hana hata haja ya kunisumbua kuhamisha, nimeshamhamishia.

"Nyamaza," mama yake akamwambia. Akanigeukia. "Nilisema nikikuta watu wanasoma. Nimewakuta, na sitageuza neno langu. Lakini hiki ni chumba cha vitabu, baba, na vitabu sivioni. Kesho saa kama hii nitakuwa hapa. Vikirudi, maneno yameisha. Visiporudi, mdogo wako apange makava yake."

Jumamosi mke wangu alipika mapema, kwa kiasi cha kulisha kijiji. Mama mkwe akakaa kwenye kiti chake. Chaja alikuja na boksi la makava kabisa, akaliweka katikati ya duka ili, kama alivyosema, lianze kuzoea. Mimi nilisimama dirishani. Ng'ambo ya barabara hakukuwa na aliyekuwa anajenga. Walikaa makundi makundi juu ya matofali, wananyoosheana vidole.

Filimbi ilipolia, wakainuka wakavuka. Vitabu vilikuwa makwapani. Nikashika ukingo wa dirisha kwa furaha. Lakini walipofika mlangoni wakasimama pale pale, hakuna aliyeingia. Mbele alikuwa fundi mwashi na kile cha jalada jekundu. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko jalada.

"Mzee, vitabu vyako tumekuja navyo vyote," akasema. "Lakini hiki hakina mwisho."

Nikamuuliza hakina mwisho kivipi.

"Mwanamke anagonga. Mume anatoka kitandani, anakuja mpaka mlangoni, anashika kitasa. Nafunua, nakuta jalada."

Akanieleza yaliyowapata. Tangu asubuhi hakuna tofali lililopandishwa. Nusu wanasema mume alifungua, nusu wanasema hakufungua, na wasiofungua hawataki kuwachanganyia saruji waliofungua. Msimamizi alikuja kuwafokea, akasimuliwa, sasa na yeye yuko upande wa wasiofungua na ndiye mkali kuliko wote.

"Tuambie tu, mzee. Alifungua au hakufungua? Tukijua tunaingia, tunarudisha kila kitu, na kila siku tutakuwa hapa. Tusipojua, vitabu hivi hatuvitoi."

Nikageuka kwenye kaunta. Kopo la gundi lilikuwa peke yake. Nikamtazama mke wangu aliyesimama penye pazia, na yeye alikuwa analitazama jiko nyuma yake.

"Ulisema karatasi yoyote," akasema polepole.

Mama mkwe hakuelewa, akaona nachelewesha watu bure. "Hilo nalo ni la kusumbua vichwa? Mkwe wangu si yupo. Kitabu hicho amekiuza miaka yote, atawaambia."

Hapa ndugu zangu nawaambia nisichowahi kumwambia hata mama watoto: kitabu kile sijakisoma. Siku za wateja wengi nilikosa nafasi, na siku za kukosa wateja nikakosa hamu. Kila aliyeniuliza nilimwambia mwisho wake hauna mfano, naye aliondoka ameridhika.

Nyuma yangu nikasikia kitu kinabonyezwa. Chaja alikuwa ametoa simu, waya unaning'inia, kidole kinatembea juu ya kioo.

"Mimi ninao huo mwisho," akasema. "Nimeupakua sasa hivi. Niwasomee?"

Kofia zote zikamgeukia. Mama mkwe naye akamgeukia. Niliziona nyuso zao, watu wazima, wamemkodolea macho Chaja na kile kisimu chake, na uchungu ule sijawahi kuupata hata siku ya msiba wa marehemu. Akiwasomea yeye, nani tena atavuka barabara kunifuata mimi?

"Hatuhitaji simu," nikasema. Niliisikia sauti yangu kutoka mbali. "Mwisho ninao kichwani. Alifungua."

Nusu wakashangilia, nusu wakaguna. Fundi mwashi akainua mkono wanyamaze. "Alifungua. Ikawaje?"

"Ikawa," nikasema, "akamkuta mkewe ameloa chapachapa, na hakuna kati yao aliyejua aanze kwa neno gani."

Hakuna aliyeguna. Msimamizi, kule nyuma, akavua kofia yake.

Mama mkwe aliniangalia, kisha akamwangalia mwanawe. "Hebu soma hapo kwenye simu yako," akamwambia. "Ndivyo kilivyoisha?"

Chaja akasoma kimya kimya, kidole kinasukuma maneno, mpaka mwisho. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akakaa taratibu juu ya boksi la makava yake, akaniinulia macho, na mimi niliyekula maisha yangu yote kwa mambo ya kusoma sikuweza kusoma kitu usoni mwake.